Kwa Nini Nilimuua Inyoni Mara Kumi na Moja

Kama ulikosa safu yangu ya wiki jana, usisikitike, hakukuwa na ushujaa wowote. Niliishia chini ya meza ya Bi Anifa, nimekumbatia nyaya za kompyuta, na mwanamke nisiyemjua amesimama mlangoni anauliza, "Wembe ni nani humu?"

Wembe ni mimi. Jina langu la ubatizo ni Selestini, kinyozi wa mtaa wa Buzebazeba, na saluni yangu imegusana ukuta na duka la intaneti la Bi Anifa. Ukuta huo ndio ulioniponza. Wateja wakichelewa napitiliza upande wa pili, nakaa kwenye kompyuta ya tatu, nageuka muuaji.

Gemu lenyewe ni la kisiwa. Unatupwa ufukweni mikono mitupu, unakata miti, unachonga mawe, unajenga nyumba, unafuga mbuzi. Wachezaji ni mamia, kutoka nchi mbalimbali, na wote mko kisiwa kimoja. Hakuna polisi, hakuna mtendaji wa kata. Ukitaka kumsaidia mwenzio, msaidie. Ukitaka kumchinja, mchinje.

Mimi nilichagua kuchinja. Na katika wote niliowachinja, mmoja nilimrudia mara kumi na moja: mtu mkimya aliyejiita Inyoni, mwenye nyumba juu ya kilima. Sasa Inyoni ndiye huyo aliyesimama mlangoni.

"Toka huko," Bi Anifa alinigusa kwa ncha ya kandambili. "Mwanamume mzima na ndevu zako."

Nilitoka, nikapangusa magoti. Kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, nikamwambia yule mwanamke, "Shikamoo." Umri wetu ulikuwa sawa, pengine mimi ndiye mkubwa.

"Marahaba," alijibu, wala hakucheka.

Patrick ndiye aliyecheka. Patrick ni mshirika wangu wa mauaji, kijana wa Ujiji anayeuza vocha asubuhi na kupora watu kisiwani mchana. Bi Anifa alimtazama mara moja tu, kicheko kikakatika.

Yule dada alivuta kiti akakaa mbele yangu. Aliitwa Melania, Mrundi wa Rumonge, aliyekuwa kambini Nyarugusu tangu watu walipoikimbia nchi yao mwaka 2015. Huu ulikuwa 2017. Kila Alhamisi alikuja mjini na gari la shirika linaloleta wagonjwa hospitali, kazi yake kuwatafsiria. Wagonjwa wakishaonwa, gari likisubiri dawa, alikuwa na saa moja yake mwenyewe. Saa hiyo aliinunua hapo hapo kwa Bi Anifa, kompyuta ya sita, nyuma ya friji la soda.

Nilihesabu kwa macho. Kutoka kiti changu hadi friji ni hatua saba. Miezi mitatu nimemwinda mtu duniani kote, kumbe angeweza kunirushia kiatu akanipata.

"Alhamisi iliyopita nimesikia huyu anapiga kelele," alimnyooshea Patrick kidole. "Anasema, 'Wembe, umemmaliza tena Inyoni!' Nikajiambia, ego, ndiyo, leo nimempata. Sikuja kugombana, kaka Selestini. Nina swali moja. Kwa nini?"

Mimi kinyozi naweza kuongea na jiwe likacheka. Siku hiyo nilianza kupangusa magoti upya.

Patrick akajitosa. "Dada, usimaindi. Ile gemu tu. Bila kuuana si inakuwa kilimo?"

"Mimi nilikuwa nataka kilimo," Melania akajibu.

Bi Anifa alizima redio. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mjane, na duka lake lilikuwa na sheria mbili: hakuna kula juu ya kibodi, na hakuna kudanganya mbele yake. "Jibu, kinyozi. Hata mimi nimekuwa nikijiuliza. Mnaingia humo na afya zenu, dakika tano mnachinjana. Mnagombania nini?"

"Alichutama," nikasema.

"Nini?"

"Alichutama mbele yangu. Siku ya kwanza kabisa. Nilikutana naye njiani, akasimama, akachutama, akainuka, akachutama tena."

Naomba msomaji unielewe. Kisiwani kuna kitufe cha kumchutamisha mtu wako. Wauaji wanakitumia kujificha kwenye nyasi. Ukimwona mtu anachutama, ujue kuna mshale unakuja. Sheria yangu ilikuwa moja: anayechutama ana kisu, muwahi. Sikuwa na nia mbaya naye hata kidogo. Niliogopa, basi.

"Nilikuwa nakusalimia," Melania akasema.

Mtu wa kompyuta ya kwanza aliyekuwa anachapa wasifu wake akaacha kuchapa.

Aibu ninayoisema hapa si ya kutania. Mimi ni Muha. Bibi yangu kule Kasulu alinilea kwa mkono wake. Ukikutana na mkubwa njiani, unashuka chini, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," unasubiri ajibu ndipo uinuke. Nilipokuwa na miaka sita nilikatiza mbele ya mzee mmoja nimesimama wima, bibi akanirudisha nusu kilomita nikamsalimie upya. Na Warundi na sisi salamu zetu ni ndugu. Ningekutana na Melania barabara ya Kasulu akashuka vile, ningeshuka pia. Nimekutana naye kisiwani, nikamchinja.

"Sawa," Bi Anifa akasema. "Mara ya kwanza ni hofu, tumekusamehe. Zimebaki kumi."

"Aliniibia mbuzi."

"Sijaiba mbuzi," Melania akasema. "Mbuzi wako alikuja mwenyewe. Alikuwa na njaa."

Patrick alikohoa. Ni kweli, tulikuwa hatuwalishi.

"Kwa hiyo kisasi cha mbuzi mwenye njaa," Bi Anifa alikunja kidole. "Zimebaki tisa."

Hapo ndipo uongo uliponiishia, nikasema lililokuwa moyoni. Sijawahi kumwambia mtu, nawaambieni nyinyi kwa kuwa gazeti halina uso.

Mimi watu hunikabidhi vichwa vyao. Mwalimu anakaa, dereva anakaa, hata shehe na katekista wamekaa kwenye kiti kile kile. Lakini akikaa anatazama kioo, anajitazama yeye. Nikimaliza anageuza shingo, kulia, kushoto, anaridhika na yeye, anaondoka. Miaka sita, na wapo wateja wasiojua jina langu. Wananiita "kinyozi" kama unavyosema "ndoo."

Kisiwani nikitokea, watu wanakimbia. Wanaandika, "Wembe huyo! Wembe anakuja!" Kwa lugha zisizosomeka wanaandika, lakini Wembe linasomeka. Inyoni peke yake hakukimbia. Aliendelea kupanga mawe yake. Basi nilimuua ili aniangalie.

Nilisema yote hayo nikitazama sakafu. Nilipoinua macho, Bi Anifa alikuwa anajifanya kupanga bahasha.

"Asante," Melania akasema. "Hilo ni jibu. Na mimi nikuambie ulichochukua. Ukiniua, natupwa ufukweni upande wa pili. Kurudi kilimani ni dakika arobaini kwa miguu. Nina saa moja kwa wiki. Ukiniua, saa yangu yote natembea."

Nilihesabu kwa vidole, Alhamisi kumi na moja.

"Na ile nyumba," akaendelea, "si ya kuchezea."

Akaeleza. Alikuwa na mdogo wake, Martini. Kule Rumonge, kabla ya vurugu, Martini alipenda gemu hili kuliko chakula. Alimfundisha dada yake, wakajenga pamoja nyumba juu ya kilima kile, kisiwa hiki hiki: kuta za mawe, mlango wa bluu, na ngazi ya nje isiyokwenda popote kwa sababu Martini alikosea vipimo akakataa kubomoa. Usiku wa kukimbia walipotezana ufukweni. Mitumbwi ilikuwa mingi, watu walipanda walipoweza. Yeye akatokea Kagunga, upande huu wa mpaka. Martini hajulikani.

"Si ungeandika tu jina lako?" Patrick aliuliza. "Melania wa Rumonge, natafuta mdogo wangu."

"Waliotufukuza nao wana intaneti," Melania akamjibu. "Jina langu siliandiki, hata lile la zamani la kisiwani nimeliacha. Lakini kama Martini yuko hai, popote alipo atatafuta kompyuta. Namjua. Ataingia kisiwani, atapanda kile kilima, ataona nyumba. Ndiyo maana naijenga. Na wewe, kaka, umeichoma mara tatu."

"Mara moja!" niliruka. "Haki ya Mungu, mara moja tu!"

"Tatu. Ya mwisho ni juzi juzi."

"Nilichoma mara moja, tena nusu, mvua ikanyesha!"

Hakuna aliyeniamini. Hata Patrick alitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa na rafiki. Za mwizi ni arobaini, na zangu zilikuwa zimetimia.

Bi Anifa alitoa hukumu bila kuinuka. "Utaijenga upya. Wewe na huyu muuza vocha wako. Ikiisha, utailinda. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee."

Melania alichora nyumba nyuma ya fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa, akaniachia. Nje honi ya gari ilipiga, akaondoka.

Wiki hiyo Wembe aliyekuwa anatikisa kisiwa alionekana akibeba mawe. Mtu mmoja niliyewahi kumpora alisimama kando nusu saa ananitazama, akaandika alama ya kuuliza, akaenda zake. Patrick alilalamika kila jiwe. "Mwanangu, hii ngazi inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Jenga."

"Sasa tunajenga ya nini?"

"Patrick, jenga."

Na niseme ukweli, ile kazi ilinoga. Jioni ya tatu nilimkuta Patrick anapaka mlango rangi ya bluu kwa mara ya pili, eti ya kwanza haikukolea. Mbuzi nao tukaanza kuwalisha.

Alhamisi Melania aliingia saa nane na nusu mchana. Hakukaa kompyuta ya sita, alisimama nyuma ya kiti changu. Nilimtembeza nyumba nzima, chumba kwa chumba, kama fundi anayesubiri kulipwa.

"Mlango umeuweka kulia," akasema. "Wetu ulikuwa kushoto."

Nikauhamisha.

Alipouona kushoto, aliweka kiganja mdomoni. Kisha akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka, kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Martini angewalipa," akasema. "Hapana. Martini angesema ngazi mmekosea kuikosea."

Saa tisa na nusu honi ilipiga. Alituaga mmoja mmoja kwa jina. Mimi aliniita Selestini, si kinyozi wala Wembe, na nilirudi saluni nikielea.

Kitini alikuwa ananisubiri Mzee Telesphory, mstaafu wa reli, mteja wangu wa kila mwezi. Nilishanyoa nusu ya kichwa, upande wa kulia unang'aa, wa kushoto pamba tupu, niliposikia Patrick anabomoa ukuta kwa ngumi.

"Wembe! Wembe, njoo! Kuna mtu kilimani!"

"Mzee, dakika moja," nikasema.

"Selestini, usithubutu!" Mzee akaita. Nilishathubutu.

Kwenye kioo cha kompyuta, mtu aitwaye Mpitanjia alikuwa kwenye nyasi, hatua kumi kutoka mlango wa bluu. Amechutama. Mkononi ana mwenge unawaka.

"Huyo ndiye mchomaji!" Patrick alikuwa anaruka. "Yuko wazi kabisa, mpige!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe kabla sijafikiri, maana kidole cha Wembe kina akili zake. Nikakiondoa. Nilitupa upinde chini, nikatupa shoka, nikamchutamisha mtu wangu mbele ya mlango, chini, juu, chini.

Patrick alishika kichwa. "Tumekwisha."

Mpitanjia hakurusha kitu. Alisimama polepole. Maneno yakatokea chini ya kioo, Kiswahili safi.

"Sogea. Sina ugomvi na wewe."

"Nyumba ni ya watu," nikaandika.

"Najua ya nani. Nimeichoma mara mbili. Mnaijenga tena kwa nini?"

"Mara mbili!" nilipiga meza. "Bi Anifa, soma! Mbili zake, moja yangu! Sikudanganya!"

"Nimesoma," Bi Anifa alikuwa ameinama begani kwangu. "Hongera, wewe ni mchomaji wa nyumba moja. Muulize sababu."

Nikamuuliza. Mwenge ukazidi kuwaka. Kisha maneno yakaja kwa mafungu, kama ya mtu anayeandika akifuta.

"Nyumba hii tulijenga mimi na dada yangu. Yeye alikufa Kagunga, kipindupindu. Aliyemzika aliniambia mwenyewe. Sasa ninyi mmeingia humo mnacheza. Muacheni apumzike."

Nilisoma mara mbili. Mzee Telesphory, aliyekuwa amenifuata na kitambaa chake shingoni na nusu kichwa chake, alisoma ya tatu kwa sauti.

"Mwambie yuko hai!" Bi Anifa alinipiga mgongoni. "Andika! Unangoja nini?"

Nikaandika. "Dada yako yuko hai. Melania yuko hai, alikuwa hapa sasa hivi."

Jibu lilikuja haraka.

"Hata jina lake mmeiba. Wembe, nakujua. Kisiwa kizima kinakujua."

Nilitaka kujulikana. Haya, nimejulikana. Leo nina neno moja la kweli la kumwambia mtu mmoja, na jina langu limesimama mbele ya neno hilo kama mbwa mlangoni.

"Mzungumzishe!" nilimwambia Patrick, nikatoka mbio.

Sijawahi kukimbia hivyo. Nyuma yangu nilimsikia Mzee Telesphory naye anakimbia, anapiga kelele za "Simamisha! Simamisha gari!" Watu wa njia panda walimwona mzee mwenye nusu kichwa na kitambaa kinapepea, wakajua ni mwizi au ni kichaa, wakafunga barabara nzima. Ndiyo iliyotusaidia. Gari la shirika lilishindwa kupita.

Nilimkuta Melania kiti cha nyuma, amemshikia mgonjwa chupa ya maji. Pumzi hazikutosha kwa sentensi. "Martini," nikasema. "Martini. Kompyuta ya tatu."

Hakuuliza. Alimkabidhi mgonjwa chupa, akaruka, ndala moja ikabaki kwenye gari.

"Dakika mbili!" dereva alipiga kelele. "Melania, dakika mbili, kibali cha kambi kinaisha!"

Tulipoingia dukani, kwenye kioo cha kompyuta paa la nyumba lilikuwa linawaka. Moshi ulikuwa umefunika mlango wetu wa bluu wote. Patrick alikuwa kwenye kiti changu, ameshauokota upinde, jasho linamtoka.

"Hasikii, dada! Nimemwandikia kila kitu! Nimpige? Nikimpiga ataacha kuchoma!"

"Usimguse!"

Melania aliishika meza kwa mikono miwili, akasoma maneno yote tangu juu. Dada. Kagunga. Muacheni apumzike. Machozi yalimshuka, na yalivyokuwa yanashuka ndivyo alivyoanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa, hadi wa kompyuta ya kwanza akasimama.

"Yampayinka! Jamani, mwacheni achome!" alipiga makofi. "Achome yote! Ni nyumba yake, mwacheni mtoto wa mama achome!"

Bi Anifa alikuwa analia waziwazi na kumkumbatia Mzee Telesphory, nywele za upande mmoja zinamwingia puani.

Honi ikapiga. Kilimani Mpitanjia alitupa mwenge, akageuka, akaanza kushuka.

"Ingia kwa jina lako, Inyoni!" Patrick aliinuka kumpisha. "Hapana, kuingia upya ni dakika tano. Utamkosa."

Melania alikwisha kaa. Alivuta kibodi yangu, akaanza kuandika Kirundi kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Na kila mstari aliotuma, kisiwa kiliuwekea jina mbele: Wembe. Wembe. Wembe.

Mpitanjia alikuwa amefika chini ya kilima, na alikuwa bado hajageuka.